Mikono Miwili, Gome Moja

Mwaka 1948, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alikufa kwa homa ya mapafu, nami nikahamishiwa kwa baba mkubwa, Kitandililo. Shida zangu zinaanzia hapo. Kabla ya hapo nilikula nikashiba kama mtoto mwingine yeyote, kwa hiyo sitadanganya kwamba nilizaliwa nazo. Mama alirudi kwao upande wa Njombe, akaolewa tena. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume, wa ukoo wa baba, nikabaki.

Baba mkubwa alikuwa na mwanawe wa rika langu. Nilimzidi miezi michache na mama zetu wote wawili walilijua hilo. Lakini kwa kuwa baba yake alimtangulia baba yangu kuzaliwa, yeye ndiye aliyekuwa kaka na mimi ndiye mdogo. Nilitakiwa kumwita kaka mtu ambaye nilianza kutembea kabla yake. Nikijisahau nikamwita kwa jina, baba mkubwa aliacha kutafuna akanitazama, basi nilirudia upya: "Kaka, nipe chumvi."

Baba mkubwa alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli. Hakunipiga bila sababu wala hakuninyima chakula. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na wapo wajukuu zake watakaosoma. Ila nafasi ya shule katika nyumba ile ilikuwa ya mtoto mmoja. Mimi nilimaliza darasa la kwanza na kuonja la pili. Kaka alifika la sita. Asubuhi za mwezi wa sita, umande ukiwa umeganda kwenye majani mpaka ukiyakanyaga yanalia, yeye alipita mbele yangu amevaa sweta ya sufu yenye rangi ya matofali, anakwenda shule, na mimi nawafungulia mbuzi na blanketi begani. Siku nilipojiweza nilinunua sweta ya rangi hiyo hiyo nikaivaa mpaka ikaisha viwiko.

Nilimwonea wivu. Naliandika neno lenyewe. Watu wengi wakieleza mambo ya ujana wao wanasema "nilitamani" au "iliniuma kidogo". Mimi niliona wivu, nikaamka nao, nikalala nao, na ulinifaa kuliko watu wengi walionishauri niuache. Kaka alipofeli mtihani wa kuendelea na masomo, nyumba nzima ilikosa hamu ya kula. Mimi nilikula sahani yangu na sehemu ya yake.

Basi tukawa sawa, au nilidhani hivyo. Tulipofikia umri wa kodi ya kichwa tuliondoka pamoja kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwati, ng'ambo ya Njombe. Asiyeijua miwati nimwambie: ni miti inayopandwa kwa ajili ya gome lake, gome hilo huchemshwa na dawa yake hutumika kulainisha ngozi za viatu huko Ulaya. Kazi yetu ilikuwa kuangusha mti, kuchanja gome kwenye shina kwa shoka dogo, kisha kulishika na kulivuta kuelekea kileleni, na lenyewe linabanduka kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Linaacha mti mweupe, uchi, unateleza. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Hata kanisani ulimtambua mtu wa miwati alipofungua kitabu cha nyimbo.

Magome tuliyafunga mizigo mizigo kwa gome lenyewe, hatukupewa kamba. Gome bichi ni laini kama mkanda wa ngozi iliyolowa. Unalizungusha, unalikaza, unalichomeka ncha. Likikauka linasinyaa na kubana mpaka huwezi kupenyeza kijiti. Jambo hilo kila mtu pale alilijua, na katika kulijua huko vijana wakatengeneza mchezo wao.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Jumapili baada ya ibada unafungwa kikuku cha gome bichi katikati ya mkono, kati ya bega na kiwiko, chini kidogo ya pale nyama ya bega inapoishia. Unakaa nacho juani. Jioni kikiwa kimekauka unakunja mkono na kutunisha msuli mbele ya wote. Kikuku kikikatika, wewe ni dume, na wiki nzima hakuna anayekukatisha maneno. Kikikataa, kinakatwa kwa kisu na unachekwa. Wanyapara waliutazama mchezo huo kuliko walivyotazama kazi, na mtu wa nje akija kutafuta kijana wa kazi ya nguvu, aliletwa siku ya vikuku.

Mwaka wetu wa pili tukasikia kwamba atakuja fundi wa mbao kutoka Lyamkena. Alikuwa mpasua mbao, wa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja akiwa juu ya gogo na mwingine shimoni. Mwenzake alikuwa ameugua na kurudi kwao, na fundi alitaka kijana mmoja. Mmoja tu. Miwati ilikuwa kazi ya msimu. Gome likigoma kubanduka wakati wa kiangazi, tulirudishwa makwetu. Na makwetu mimi kulikuwa wapi? Kwa baba mkubwa, kwa mbuzi, kwa "kaka nipe chumvi". Mwenye ufundi wa mbao hakurudi kwa mtu. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na sehemu ya kuitaka kwangu ni kwamba kaka naye aliitaka.

Jumapili hiyo mfungaji alikuwa mpishi wa kambi, Mkinga mtu mzima, mwenye utani.

"Nani wa kwanza?" akauliza.

"Kaka kwanza," kaka akajibu mwenyewe, akakunja shati. "Mdogo atafuata, kama kawaida yake."

Watu wakacheka. Mimi nikatoa mkono wa kulia kama yeye.

"Mimi unikaze kuliko huyu."

"Sikukazi kuliko mtu," mpishi akasema. "Gome ni moja, nimelichana katikati mbele ya macho yenu. Mkazo ni mmoja. Ninyi ndugu, kesho mtaniletea kesi ya kikuku jikoni kwangu."

Akatufunga. Nimekumbuka mkono wake ule mara nyingi. Alitumia nguvu ile ile, akapitisha sehemu ile ile, hata alipima kwa kiganja kutoka kiwikoni ili vikuku vilingane. Asije mtu akaniambia mimi nilifungwa vibaya. Tulifungwa sawa.

Tukakaa kwenye rundo la magome tukimsubiri fundi. Jua la mlimani lina hila, hewa ni baridi nawe unaungua. Palikuwa na ulanzi, pombe tamu ya mianzi ya wakati wa mvua, tukanywa. Kaka alikunywa kwa kificho kidogo kwa ajili ya jina la baba yake, lakini alikunywa. Kikuku kilianza kubana. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nikamtazama kaka, naye akanitazama.

"Kimekubana?" akaniuliza.

"Kimenikaa vizuri. Wewe kama kinakuuma sema, mpishi ana kisu."

"Mimi? Mimi hata sikisikii."

Hakulegeza kwa sababu sikulegeza, na sikulegeza kwa sababu hakulegeza. Tukaegemea magome, ulanzi ukatulaza, wote wawili, mkono wa kulia wa kila mmoja ukiwa umeegemea ukingo wa mzigo.

Tuliamshwa na sauti ya mpishi: "Mgeni wenu huyu." Fundi alikuwa amesimama mbele yetu, mtu mfupi, mabega kama ng'ombe wa jembe, unga wa mbao kwenye nyusi. Tukasimama. Kwetu mkubwa husalimiwa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unashika chini ya ule wa kulia kuutegemeza.

"Kamwene, baba," nikasema, nikanyoosha mkono.

Mkono ulikwenda mbele, kiganja hakikwenda. Kiliinama kutoka kifundoni, kikaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Niliamrisha vidole vinyooke. Havikunijua. Fundi akakitazama kiganja kile, akakiokota kwa chini, akakisalimia hivyo hivyo kikiwa kimelala.

Kaka naye akanyoosha mkono. Ulikuwa mzito, niliuona, alikunja uso. Akautikisa kidogo pembeni, akafungua vidole, akavifunga, akampa fundi mkono mzima wenye uhai.

Hakuna aliyekumbuka kukata vikuku kwa kutunisha msuli. Mpishi alivikata kwa kisu. Alama zilibaki, mfereji mmoja kwake na mmoja kwangu.

"Huyu nitakwenda naye," fundi akasema, akimshika kaka bega. Kisha kwangu: "Wako umelala. Ukiamka, nitafute Lyamkena."

Haukuamka kesho yake. Wala wiki iliyofuata. Kula nilikula kwa kushoto, aibu ambayo kwetu mtoto hupigwa kwa ajili yake. Kifungo cha shati sikuweza kukifunga. Nyapara akanipa siku chache, halafu akanionyesha njia.

Kaka, kabla ya kwenda kuanza kazi yake mpya, alinisindikiza hospitali ya misheni. Sikumwomba. Alisema ni wajibu wa kaka. Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mkavu, aliyeongea Kiswahili cha kitabuni na kusikiliza mpaka mwisho. Alisikia habari ya vikuku, akavua miwani.

"Kwa nini mlifanya hivyo?"

"Ni mchezo, mama," kaka akasema.

"Onyesheni mikono yote miwili."

Tukavua mashati. Akaona mifereji yetu imekaa mahali pamoja. Hapo ndipo alipoacha kuwa mkali akawa kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alinichoma sindano ndogo mgongoni mwa kiganja, kwenye bonde kati ya kidole gumba na cha shahada. Sikusikia. Akamchoma kaka hapo hapo, kaka akaruka.

Kisha akanieleza, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu niliyalipia kwa mkono. Alisema ndani ya mkono mna mishipa ya fahamu, si ya damu, myeupe kama uzi wa katani, na ndiyo inayopeleka amri kutoka kichwani. Mmojawapo hutoka kwapani, ukapita nyuma ya mfupa wa juu ya kiwiko, ukauzunguka kama mmea unavyouzunguka mti, kisha ukatokea upande wa nje na kushuka. Ndio unaonyanyua kiganja na kunyoosha vidole. Kuna mahali unapolala juu ya mfupa mtupu, bila nyama chini yake ya kuulinda. "Kikuku chako kimekaa hapo hapo," akasema. "Umeubana kati ya gome na mfupa."

"Na chake?" nikauliza.

Akauchukua mkono wa kaka. Akabonyeza na kugonga kwa ncha ya kidole, polepole, akipanda. Penye mfereji wa kaka hapakuwa na kitu. Alipopanda vidole viwili juu yake, na kusogea upande wa mbele, kaka akasema, "Hapo, mama, inapiga mpaka kwenye gumba." Daktari akagonga tena, mara hii kwa furaha. Akachora mstari wa wino kwenye mkono wa kaka na mwingine kwenye wangu. Haikufanana mistari ile. Wa kwangu ulizunguka chini, wa kaka ulizunguka juu na kuingia mapema kwenye nyama laini. Kikuku kilipombana kaka, mshipa wake ulikuwa umeshapita kwenye mfupa, umelala kwenye nyama kama mtu kwenye godoro.

"Anaumwa?" nikauliza. "Ana kasoro?"

"Hapana. Ni tofauti tu. Nilipokuwa nasoma tulipasua mikono ya maiti. Mshipa huu kwa wengine hupita juu, kwa wengine chini. Mwingine kwa watu fulani hata haupo kabisa, mwenzake anafanya kazi yake. Hata kulia na kushoto kwa mtu mmoja si lazima vifanane."

Kaka aliposikia maiti alianza kuvaa shati.

Mimi nilikaa pale nikitazama mstari wake wa wino. Sweta niliielewa, kwa sababu ilikuwa ya baba yake. Hata shule niliielewa. Hata kuitwa kaka, basi, ni ukoo, sikuupanga mimi. Lakini hili lilikuwa ndani ya nyama, gizani, tangu tumboni, mahali ambapo hakuna mzee wa kanisa anayegawa. Na huko nako yeye alikuwa amepewa njia ya juu.

"Mama, mshipa utapona?" nikauliza.

"Kama umebanwa tu haukukatika, utapona. Miezi. Labda wote, labda sehemu. Ukikiacha kiganja kikining'inia, vidole vitakauka hivyo."

Akanifunga kibao kutoka kiganjani mpaka katikati ya mkono ili kiganja kisimame. Tulipotoka nje kaka akaniambia, "Mdogo wangu, tumshukuru Mungu ni mmoja wetu tu."

Nilimjibu, "Shukuru wewe." Njia panda tukaachana.

Nikarudi Kitandililo kwa mbuzi. Kitu nilichokuwa nakikimbia nilikipata, na mkono mmoja juu yake. Baba mkubwa aliniombea jioni zote, na katika sala hiyo hiyo alimshukuru Mungu kwa kazi ya kaka, sentensi mbili zikifuatana, nami nilitakiwa kuitikia amina moja kwa zote.

Kibao cha daktari kilipasuka baada ya muda mfupi. Nikachukua ngozi mbichi ya shingo ya ng'ombe aliyechinjwa kwa harusi jirani, nikaikata kwa umbo la kibao, nikaifunga mkononi ikiwa na maji na kuiacha ikauke. Safari hii niliacha nafasi ya kidole, nilikuwa nimejifunza. Ikawa ngumu kama mti. Nikagundua kwamba kiganja kikisimamishwa, vidole vinashika. Kufungua ndiko kulikoshindikana. Kushika nilikuwa nako. Nilijaribu kwenye mpini wa jembe, kwenye mti, kwenye pembe za beberu. Nilishika.

Asubuhi iliyofuata niliwaacha mbuzi na mtoto wa jirani, nikaenda Lyamkena kwa miguu.

Nilimkuta fundi ananoa msumeno kwa tupa. Shimo lilikuwa wazi, gogo la mkaratusi limelazwa juu yake. Kaka alikuwa shimoni, kichwa kimefungwa kitambaa, anakohoa.

"Nilisema uje ukiamka," fundi akasema, akiutazama mkono wangu.

"Haujaamka. Lakini umesimama."

"Shika huu."

Akanipa mpini wa msumeno. Nilishika. Akavuta upande wake kwa nguvu, akanivuta mpaka magoti yakagonga gogo, sikuachia. Hakucheka wala hakunisifu. Akamwita kaka apande. Akasema macho yake yanaanza kumsumbua na anataka kubaki akinoa na kupiga mistari, kwa hiyo mwenye macho mazuri aliyesoma atasimama juu kuongoza msumeno kwenye mstari, na mwenye mkono wa ngozi ataingia shimoni kuvuta. "Mvua zikiisha," akasema, "mmoja nitamfanya fundi. Mwingine tutaagana."

Kaka akapanda. Mimi nikashuka.

Kupasua mbao kuna hili: wa juu anaonekana, wa chini haonani uso kwa uso na mtu. Msumeno unakata unaposhuka, kwa hiyo anayevuta kwa kweli ni wa shimoni. Wa juu anaunyanyua na kuuelekeza. Lakini apitaye njiani anamsalimia wa juu. Unga wote unamwagikia wa chini, machoni, masikioni, ndani ya shati. Kila siku nilitazama juu na kuona vitu viwili, anga na mkono wa kaka. Mkono ule ulipanda na kushuka mbele ya macho yangu, na mfereji wa kikuku bado ulikuwepo, mahali pale pale kama wangu. Niliuhesabu mshipa wake kwa macho: hapa mfereji, vidole viwili juu, mbele kidogo. Naujua mkono wa mtu yule kuliko alivyoujua mke wake.

"Mdogo, huko chini mvua imeanza?" aliuliza akimwaga unga kwa makusudi.

"Imeanza. Inanuka miguu ya kaka."

"Vuta basi, usilale kama mkono wako."

"Nyoosha basi, mstari uko kulia. Darasa la sita hamkufundishwa kulia ni wapi?"

Fundi, akiwa ameinama kwenye tupa yake, alisema tu, "Gombaneni mkivuta." Na ndivyo tulivyofanya. Tulipasua mbao nyingi kuliko jozi yoyote barabara ile ya Makambako, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekubali kuwa wa kwanza kuomba maji.

Siku mkono uliporudi nilikuwa nafuta macho. Nilinyanyua kiganja kwa kushoto, kama nilivyozoea, nikaona kiganja chenyewe kimesaidia. Kidogo sana, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikafungua ngozi wakati wa chakula, nyuma ya rundo la mbao, nikajaribu. Kifundo kilipanda. Vidole bado. Wiki baada ya wiki vikafuata, cha mwisho kikawa gumba, ambacho hakikurudi chote. Nilirudi kuivaa ngozi kila asubuhi na sikumwambia mtu. Nilitaka siku ya uamuzi niivue mbele ya fundi, mbele ya kaka, nipande juu ya gogo na mikono miwili mizima, nimshushe.

Kaka aliniharibia hata hilo.

"Mkono umepona," aliniambia siku moja, akiwa amekaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia.

"Nani kakwambia?"

"Msumeno. Zamani ulivuta upande, siku hizi unanyooka." Akapangusa unga gotini. "Nafurahi, mdogo wangu."

"Usifurahi. Nafasi ni moja."

"Hivi unadhani mimi naitaka nafasi hii?"

Sikumwelewa. Nilidhani ni hila.

Mvua zilipokata, fundi akatuita asubuhi, akaweka gogo jipya, akapiga mistari kwa uzi uliochovywa kwenye masizi. Akasema leo tutapokezana, kila mmoja apasue ubao mmoja akiwa juu, naye atazame. Nilikuwa tayari nimeishika mikanda ya ngozi yangu niivue. Kaka akasogea, akamvulia fundi kofia.

"Baba, mimi nilikuwa nakuaga. Nimepata kazi ya karani wa mizani kule kwenye magome. Wanataka mtu anayejua kuandika. Naanza wiki ijayo."

Fundi akamtazama. "Mbona hukusema mapema?"

"Nilitaka mvua ziishe kwanza. Nisikuache peke yako na mwenye mkono mmoja." Kisha akageuka kwangu, akanishikisha mpini wa juu. "Panda wewe. Mimi nimechoka kusimama juu ya magogo."

Watu wakisikia hadithi hii husema, basi ulishinda. Sikushinda kitu. Mtu alikuwa amekalia kiti nilichokitaka mpaka mshipa ukafa, halafu akainuka akaniachia kikiwa bado na joto lake, akaenda kukaa kwenye kingine kizuri zaidi, chenye kivuli na kalamu. Ningempiga pale pale, mkono ulikuwa umepona vya kutosha. Nilipanda juu ya gogo. Fundi mwenyewe akaingia shimoni na macho yake mabovu, ili nisikose siku.

"Juu au chini, chagua," aliniambia kabla hatujaanza. "Chini wewe ni bora."

"Juu," nikasema.

Ubao wangu wa kwanza ulitoka umepinda. Wa pili ulipinda kidogo. Fundi hakunifukuza, hakuwa na mwingine. Kufikia mwaka wa Uhuru alikuwa haoni tena, na msumeno ulikuwa wangu, na mtu wa chini nilimchagua mimi.

Kaka amezeeka vizuri. Tunakutana kanisani, Makambako. Huwa anaweka koti mabegani, na akinyoosha mkono kunisalimia nyuzi zake zote zinaitikia, gumba linasimama wima, na mimi bado nalitazama gumba hilo kabla ya kutazama uso. Mjukuu wangu mmoja anasomea uganga. Alikuja likizo na kitabu kikubwa chenye picha ya mkono uliochunwa ngozi, akanionyesha ule mshipa unavyouzunguka mfupa. Nikamwambia, huu ni wangu, wa babu yako mkubwa haumo. Akafunua ukurasa unaofuata. Kulikuwa na michoro midogo, mmoja baada ya mwingine, ya watu ambao mishipa yao imepita kwingine. Kwa hiyo hata kitabuni kaka amepewa ukurasa wake.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Makambako, ya bati, vyumba sita. Nina nyumba nyingine Njombe, mtaa wa Ramadhani, yenye fremu mbili za duka, zote zina wapangaji. Nina shamba la miti, misindano na mikaratusi, na kipande cha miwati ambacho sikivuni. Nina mashine ya kupasulia mbao ya dizeli. Nina ng'ombe wa maziwa watatu, na ndama. Nina misumeno miwili ya mikono, mmoja mzima. Nina makabati niliyotengeneza mwenyewe. Nina baiskeli. Kuku ni wa mke wangu.